Goti Likialika Uwanjani

Jumatatu asubuhi benchi la nje ya chumba chetu cha fiziotherapia hapa Mtwara halikosi kijana mwenye goti lililofungwa kanga. Mechi za ndondo zimechezwa Jumamosi na Jumapili, Chikongola, Magomeni, Mikindani, na hesabu yake inaletwa kwetu. Maelezo yao yanafanana mno. "Dokta, hakuna aliyenigusa. Nilikuwa nakimbia, nikataka kugeuka na mpira, goti likaalika, nikaanguka." Kabla ya magharibi goti lilikuwa limejaa kama nazi.

Nikisikia kwamba goti limealika, likavimba ndani ya saa chache, na sasa linamtoka ghafla akishuka ngazi, huwa nashuku ligamenti moja kabla sijaligusa. Ni ile ambayo watangazaji wa mpira huitaja kwa herufi tatu, ACL.

Lakini makala hii naiandika zaidi kwa ajili ya wale wasiokuja Jumatatu. Wanakuja baada ya miezi sita au minane, wameumia mara ya pili au ya tatu, na wanaanza kwa kuniambia kwamba mara ya kwanza walipona. Ninapouliza walijuaje, jibu ni hilo hilo: uvimbe uliisha na maumivu yakaisha. Kwa goti lililokatika ligamenti, uvimbe na maumivu huisha vyenyewe ndani ya wiki chache hata kama hujafanya lolote. Kilichokatika mara nyingi kinabaki kimekatika.

Mtaani tunasema "mshipa umekatika", na neno hilo linabeba mengi: mishipa ya damu, ya fahamu, misuli, yote ni mishipa. Ligamenti ni ukanda mgumu unaofunga mfupa na mfupa mwenzake. Katikati ya goti ziko mbili, zimepishana mfano wa herufi X. Ya mbele, ndiyo hiyo ACL, imeshika mfupa wa paja upande mmoja na mfupa wa muundi upande wa pili, urefu wake kama sentimita 3, unene unakaribia kidole kidogo cha mkono. Huuzuia muundi usichomoke kwenda mbele, na hulishikilia goti mtu anapogeuka kwa kasi. Ina mishipa yake ya damu, ndiyo maana ikikatika goti hujaa damu siku hiyo hiyo. Na kwa kuwa imezungukwa na majimaji ya goti, ncha zake mara nyingi haziungani tena zenyewe kama ngozi au mfupa unavyounga.

Mengi tunayoyajua kuhusu jeraha hili yametoka nchi za theluji, Norway na Sweden zikiwemo. Huko watu huteremka milima wakiwa wamefungwa mbao ndefu miguuni, na goti ndilo kiungo kinachowaumiza zaidi. Vifungo vya mbao zile vimetengenezwa vifunguke mtu akianguka, na vimesaidia sana kuokoa mfupa wa muundi. Goti havijaliokoa kwa kiasi hicho, kwa sababu ubao mrefu ukinasa kwenye theluji huku mwili unageuka, muundi hubaki nyuma na paja likaenda zake. Sasa tazama viwanja vyetu. Njumu zinanasa kwenye mchanga au kwenye kichuguu cha nyasi, winga anageuka, mguu haugeuki. Theluji hatuna, lakini goti linakatika kwa namna ile ile.

Siku ya kwanza hadi ya tatu, fanya machache. Toka uwanjani, hata kama umechomwa sindano ya maumivu na kocha anakuhitaji. Weka barafu, zile za mifuko zinazouzwa madukani zinatosha, zikiwa zimezungushiwa kitambaa, dakika 15 hadi 20, mara kadhaa kwa siku. Funga bendeji isiyobana mpaka vidole vife ganzi, na uinue mguu juu ya mto. Usikande kwa maji ya moto siku hizo wala usichuliwe. Nawaheshimu kina mama wanaochua kwa mafuta ya ufuta, wamewatuliza watu wengi migongo na mabega. Ila goti lililojaa damu ukilichua na kulivuta "lirudi mahali pake" unaongeza damu, na gegedu, zile pedi laini zilizo katikati ya goti kati ya mfupa na mfupa, kama zimechanika unaweza kuzimaliza. Mahali pake halikutoka.

Usisubiri Jumatatu kama huwezi kukanyaga hata hatua nne, kama goti limejifunga halinyooki, au kama mguu chini ya goti umekuwa wa baridi au umekufa ganzi. Goti lenye uvimbe na homa nalo liwahishwe, na vivyo hivyo kigimbi kikivimba na kuuma siku za baadaye.

Kuna jambo la eksirei nataka lieleweke. Kijana anapigwa picha, anaambiwa "uko salama, hujavunjika", anarudi nyumbani kifua mbele. Eksirei inaonyesha mifupa. Ligamenti haionekani humo. MRI, picha ya mashine kubwa ya sumaku, ndiyo inayoionyesha, lakini kabla ya kufika huko kuna kipimo cha mikono ambacho hakihitaji mashine yoyote. Mgonjwa analala chali, goti limekunjwa kidogo, mkono wangu mmoja unashika paja, mwingine unauvuta muundi kuja mbele. Goti zima hugota, kama kamba iliyofika mwisho. Lililokatika linakuja tu, halina mwisho. Goti likiwa bado limevimba na mgonjwa amekaza misuli, kipimo hudanganya, kwa hiyo tukikwambia urudi baada ya wiki mbili, rudi.

Mwaka uliopita alikuja winga wa timu ya mtaani akiwa na mjomba wake. Kwetu huku mjomba ana sauti, na mjomba huyu aliuliza moja kwa moja: "Anapasuliwa lini? Niuze korosho nimpeleke Dar?" Ni swali la haki. Upasuaji wa kutengeneza ligamenti mpya upo, Taasisi ya Mifupa Muhimbili wanaufanya: huchukuliwa kipande cha kano (ukanda unaofunga msuli kwenye mfupa) la mgonjwa mwenyewe, mara nyingi la nyuma ya paja au la mbele chini ya pia ya goti, kikapitishwa ndani ya mifupa kwa matundu madogo. Ila si kila aliyekatika lazima apasuliwe, na hakuna anayepaswa kupasuliwa goti likiwa bado limevimba na halinyooki.

Nilimweleza mjomba utafiti wa Sweden uliochapishwa mwaka 2010. Vijana 121 waliokatika ligamenti hii waligawanywa makundi mawili. Kundi moja lilipasuliwa mapema na kufanya mazoezi, jingine lilianza na mazoezi, anayeshindwa apasuliwe baadaye. Baada ya miaka 2 hali zao zilikuwa zinalingana, na zaidi ya nusu ya kundi la pili walikuwa hawajahitaji kisu. Anayehitaji upasuaji ni yule ambaye goti linaendelea kumtoka hata baada ya mazoezi ya kweli, au aliyechanika gegedu pia, au anayetaka kurudi kwenye michezo ya kugeuka kwa kasi na goti halimruhusu. Na huyo naye, miezi ya mazoezi kabla ya safari ya Dar si muda uliopotea. Anayeingia chumba cha upasuaji goti likinyooka na paja lina nguvu, hutoka na goti bora.

Mjomba akauliza, "Mazoezi gani hayo, mbona yupo kitandani?" Nikamwomba kanga iliyokuwa gotini, nikaikunja iwe mviringo kama kata ya kubebea ndoo, nikaiweka chini ya kisigino cha kijana. Goti likabaki linaelea. Nikamwambia abane misuli ya mbele ya paja na alisukume goti chini, ahesabu 5, aachie. Mara 10, na arudie mara tano au sita kwa siku. Mara ya kwanza paja halikutikisika kabisa, na kijana alishtuka kuona msuli wake haumsikii. Hiyo ni kawaida. Goti likivimba, msuli wa mbele ya paja huzimika, na usipouamsha mapema unasinyaa. Nilipompima kwa futi ya fundi cherehani, sentimita 15 juu ya pia ya goti, paja lililoumia lilikuwa limepungua sentimita 3, na ilikuwa wiki ya tatu tu.

Kutoka hapo tunapanda taratibu. Kunyanyua mguu ulionyooka. Kusimama kwa mguu mmoja wakati unapiga mswaki. Kuegemea ukuta na kushuka nusu. Chupa ya lita moja na nusu ukiijaza mchanga ina uzito wa zaidi ya kilo 2, ifunge kifundoni na umepata mashine yako. Goti likikunjika vya kutosha, baiskeli ni tiba nzuri sana, na kutembea baharini maji yakiwa kiunoni.

Watu hawaniulizi kuhusu choo, labda kwa haya, kwa hiyo naandika. Kuchuchumaa mpaka chini wiki za mwanzo kunalibana goti, hasa kama gegedu imechanika. Kiti kilichotobolewa katikati na kuwekwa juu ya tundu la choo kinatosha. Kwa swala, tumia kiti mpaka goti likubali kusujudu. Dereva wa bodaboda asirudi barabarani mpaka aweze kusimama imara kwa mguu ulioumia, kwa sababu pikipiki yenye abiria ikiyumba ni mguu huo utakaotua.

Kurudi mpirani ndiko kunakoharibu kazi yote. Mwezi wa tatu au wa nne goti haliumi, paja limejaa, na kuna kombe la mbuzi Tandahimba. Aliyefanyiwa upasuaji asicheze kabla ya miezi 9. Utafiti wa Norway na Marekani uliochapishwa 2016 uliwafuatilia waliopasuliwa: kila mwezi waliosubiri, hadi kufika wa tisa, hatari ya kuumia tena ilishuka kwa karibu nusu. Ambaye hakupasuliwa naye apimwe, asijipime kwa hamu yake. Tunachora mstari sakafuni, anaruka kwa mguu mmoja na kutua kwa huo huo, tunapima kwa futi. Mguu ulioumia ufike angalau asilimia 90 ya mzima. Yule winga, mwezi wa nne, mguu mzima uliruka sentimita 150, ulioumia 98. Alikasirika, akanyamaza, akarudi kwenye chupa zake za mchanga. Alifika 141 mwezi wa kumi.

Walimu wa michezo, mna nafasi kubwa kuliko sisi, na zaidi kwa wasichana wa soka na netiboli, ambao katika mchezo ule ule huumia ligamenti hii mara nyingi kuliko wavulana. FIFA ina mazoezi ya kupasha mwili ya dakika 20 yaitwayo 11+, hayahitaji kifaa zaidi ya mpira, na timu zinazoyafanya angalau mara mbili kwa wiki hupata majeraha machache zaidi. Kama huwezi yote, anza na kutua. Wapange mstari mmoja, waruke juu na kutua kwa miguu miwili, magoti yamekunjwa, bila kishindo, kila goti likielekea kilipo kidole cha pili cha mguu. Simama mbele yao, si pembeni. Goti linaloangukia ndani utaliona kutokea mbele, na huyo ndiye wa kubaki naye dakika kumi baada ya mazoezi.