Buluu ndani ya msonobari si kuoza

Mezani kwangu kuna kisahani cha gogo la msonobari, kimekatwa kwa msumeno na kulainishwa kwa msasa. Buluu imeingia kutoka pembeni kama kabari: pana chini ya gome, nyembamba kadiri inavyoelekea katikati, halafu inakoma ghafla. Kiini kimebaki na rangi yake. Kila mgeni anayekiona huuliza swali lile lile: hii imeoza?

Haijaoza. Kuvu iliyotia rangi hiyo haina uwezo wa kula mbao yenyewe. Inachotafuta ni akiba ya mti, yaani sukari, wanga na mafuta, na akiba hiyo imo kwenye seli hai zilizopangwa mistari mistari kutoka chini ya gome kwenda ndani. Kuvu hufuata mistari hiyo kama maji yanavyofuata mfereji, ndiyo maana doa likawa kabari. Ikifika kwenye kiini, ambako seli zote zilishakufa zamani, haikuti chakula. Kwa hiyo fundi akipewa ubao wa aina hiyo anaweza kuujengea bila hofu kubwa. Utanyonya maji na rangi haraka kuliko ubao mweupe, na sura yake haimpendezi kila mtu, lakini nguvu zake karibu zote zipo.

Jambo dogo linalonifurahisha: ukichukua unyuzi mmoja wa kuvu hiyo ukautazama kwenye hadubini, hauna ubuluu wowote. Ni wa kahawia, umejaa melanini, rangi ile ile iliyomo kwenye nywele na ngozi zetu. Ubuluu unaletwa na jinsi mwanga unavyotawanyika ndani ya mbao zenye nyuzi hizo.

Sasa, iliingiaje? Kuvu nyingi huachia spora, yaani chembe zao za uzazi, upepo ufanye kazi. Hizi za buluu, hasa zile za jamii ya Ophiostoma, zimejiwekea utaratibu mwingine. Chini ya gome huota vitufe vyeusi vidogo sana, kila kimoja na shingo ndefu iliyosimama wima, na kwenye ncha ya shingo hukaa tone la ute lililosheheni spora. Upepo haulipeperushi tone hilo. Linasubiri mdudu apite, aliguse, aondoke nalo.

Mdudu mwenyewe ni mbawakawa wa magome. Yule wa milima ya magharibi mwa Amerika Kaskazini, Dendroctonus ponderosae, ana ukubwa wa punje ya mchele, na ndiye aliyeshambulia misonobari ya jimbo la British Columbia nchini Kanada kuanzia miaka ya 1990 hadi eneo la hekta zipatazo milioni 18 likaguswa. Jike hutoboa gome, mti humjibu kwa utomvu, naye huita wenzake kwa harufu. Wakija wachache, utomvu huwazamisha. Wakija mamia kwa siku chache, mti huishiwa.

Mbawakawa huyu hategemei tone la ute peke yake. Kwenye taya zake ana vifuko maalumu vya kubebea kuvu, vidogo kiasi kwamba kuvipasua bila kuviharibu kulinigharimu mbawakawa wengi na saa nyingi za kushikilia pumzi. Binamu yake wa kusini mwa Marekani, Dendroctonus frontalis, amefanya vizuri zaidi: jike ana mkunjo nyuma tu ya kichwa, umezungukwa na tezi zinazoilisha kuvu iliyomo ndani. Mdudu aliyejitengenezea chombo cha namna hiyo mwilini hajabeba mzigo kwa bahati mbaya.

Kwa nini abebe? Nilipoanza kazi hii nilifundishwa jibu moja, nami nikalirudia kwa wanafunzi wangu kwa miaka: kuvu ni silaha. Inaziba njia za maji, mti unakufa, mbawakawa anapata pa kuishi. Ni maelezo mazuri, na yana ushahidi wake, kwani ukizidunga kuvu hizi kwa wingi kwenye mti wenye afya, mti unaweza kufa. Lakini hicho ni kipimo chetu sisi na sindano zetu. Mwaka 2011 watafiti Diana Six na Michael Wingfield waliandika makala iliyolishambulia wazo hilo moja kwa moja, nami niliisoma kwa kinyongo kwanza. Hoja iliyonishinda ni hii: wapo mbawakawa wanaoua misonobari kwa maelfu huku kuvu walizobeba ni dhaifu, hazina ubavu wa kuua mti. D. frontalis ni mmoja wao.

Siku hizi nasema ni chakula. Tabaka la ndani la gome, ambamo mabuu hukulia, lina nitrojeni kidogo mno, na mdudu yeyote hawezi kujitengenezea steroli, mafuta maalumu anayohitaji ili akue. Kuvu hupenyeza nyuzi zake ndani ya mbao, huchota nitrojeni huko na kuileta karibu na gome, na mwilini mwake mna ergosteroli, steroli ya kuvu, tele. Buu anayekula gome lenye kuvu anakula mlo ulioongezewa virutubisho. Simaanishi kwamba kuvu haimsumbui mti. Grosmannia clavigera, mojawapo ya kuvu za D. ponderosae, inastahimili kemikali za utomvu ambazo zingeua kuvu nyingine nyingi. Ila kati ya kuweza kuishi kwenye utomvu na kuwa muuaji pana umbali.

Na si kila kuvu inayofika ni rafiki. Hili nililijua kwa aibu. Nilikuwa nimeotesha kuvu kutoka kwenye mikunjo ya D. frontalis, visahani kumi na viwili vya agari (rojo la kuoteshea kuvu), kila kimoja safi kabisa, nikavifunga na kwenda zangu. Niliporudi baada ya siku kadhaa, kwenye visahani vitano kulikuwa na nukta nyeusi zilizojipanga kwa mstari, kama nyayo. Zilikuwa nyayo kweli. Utitiri walikuwa wametoka kwenye gome nililoliacha meza ya jirani, wakapenya chini ya mifuniko, na kila walipokanyaga walipanda kuvu nyingine ya buluu, Ophiostoma minus.

Nilitupa vyote. Lakini mistari ile ilikuwa inanionyesha msitu. Utitiri wa jenasi ya Tarsonemus husafiri wakiwa wamemng'ang'ania mbawakawa, na wana mifuko yao wenyewe ya spora, kwa kuwa wao hula O. minus. Basi jike mmoja anayetua kwenye mti huleta kuvu zinazowalisha watoto wake, na mgongoni huleta abiria wenye shamba lao. Shamba hilo ni adui. Ukibandua gome pale ambapo O. minus imetangulia, utaona mabuu wamechimba njia ndefu zinazozunguka-zunguka, na wengi wamefia njiani. Pale kwenye kuvu za jike, hasa Entomocorticium, njia ni fupi na mwishoni kuna chumba kipana: buu ametulia, anakula.

Mwaka 2008 ilichapishwa taarifa kwamba D. frontalis anabeba pia bakteria wa kundi la Streptomyces, wanaotoa sumu inayoizuia O. minus kuliko inavyoizuia Entomocorticium. Yaani ana dawa ya palizi. Hapo ndipo nilipoacha kabisa kuchora mshale mmoja ubaoni kutoka kwa mdudu kwenda kwenye mti.

Joto nalo lina neno. D. ponderosae ana kuvu mbili anazozitegemea sana: G. clavigera hupenda baridi, Ophiostoma montium huvumilia joto. Wenye G. clavigera huzaa zaidi, lakini majira yakipata joto O. montium ndiyo inayotawala vifuko. Kuwa nazo zote mbili ni kama kuwa na mbegu ya masika na ya vuli kwenye ghala moja.

Ukikuta msonobari uliokufa umejaa matundu madogo ya duara kama yamepigwa kwa msumari mwembamba, mbawakawa wachanga wameshaondoka. Fuata tundu moja kwa kisu, taratibu, bila kukandamiza. Kwa D. ponderosae utafika kwenye chumba chenye umbo la yai, kuta zake zimetandwa spora kama ukungu juu ya kioo. Sehemu fulani utando huo utakuwa umekwanguliwa hadi gome tupu linaonekana. Alikula hapo, akajaza vifuko vyake, ndipo akatoboa.