Ukimbeba majeruhi, huachiwi kesi

Mvua zimeanza, na ukungu wa Mau Summit unatanda kabla hata jua halijatua. Katika kampeni ya usalama barabarani tunayoendesha kwenye steji za Salgaa, Molo na Njoro, kaunti ya Nakuru nchini Kenya, madereva hawatuulizi sana habari za breki wala mwendo. Wanauliza: "Nikimbeba mtu aliyegongwa, polisi hawatanishika mimi?"

Wanaouliza hivi si watu wabaya. Wengi wao ndio hao wanaomvuta mwenzao kwa kamba gari likizima, au kumkimbiza mke wa jirani hospitali saa nane usiku. Lakini hofu hii inawafanya wapite mtu anayevuja damu, na mimi siwezi kuinyamazia.

Kifungu cha 73 cha Sheria ya Trafiki, Sura ya 403, kinamzungumzia dereva ambaye gari lake limehusika katika ajali. Huyo lazima asimame, atoe jina lake, anwani na nambari ya gari kwa anayestahili kupewa. Asipofanya hivyo papo hapo, ni lazima aripoti polisi mapema iwezekanavyo, na saa 24 zisipite. Wewe uliyekuta ajali imeshatokea ni shahidi. Fika kituoni, eleza ulipita saa ngapi, ulikuta nini, ulimchukua nani na ukamwacha hospitali gani. Taarifa ikishaandikwa, isome yote kabla ya kutia sahihi. Fomu ya P3, ile ya polisi ya kuandikia majeraha, haikuhusu. Hiyo ni ya majeruhi au jamaa zake. Kinachokuhusu ni nambari ya OB, yaani nambari ya taarifa yako katika kitabu cha matukio cha kituo. Usitoke kituoni bila hiyo nambari, na uiandike mahali ambapo utaiona tena mwaka ujao, kwa sababu kesi za barabarani huchukua muda na huenda ukaitwa kueleza ulichokiona.

Kuna jambo tumelisema katika kila baraza na bado linarudi: eti gari la ajali haliguswi mpaka askari wa trafiki afike. Ni kweli kwamba mtu akifa au akiumia vibaya, gari halisogezwi bila idhini ya polisi. Lakini kifungu hichohicho kinaruhusu kulisogeza ili kumtoa aliyebanwa, kuzuia moto, au kuzuia hatari kwa wengine. Nani aliwaambia sheria inataka mtu afie ndani ya gari akingoja kupimiwa barabara?

Bili ya hospitali nayo si yako. Katiba, Ibara ya 43(2), inasema mtu hatanyimwa matibabu ya dharura. Sheria ya Afya ya 2017 inakitoza kituo chenye uwezo kinachokataa kuyatoa faini isiyozidi shilingi milioni 3. Ukiulizwa nani atalipa, sema ulivyomkuta, na usisaini karatasi ya kudhamini malipo.

Ninachotaka mkiogope ni pale mnaposimama. Kutoka Mau Summit hadi Salgaa ni mteremko mrefu, na bado kuna madereva wa trela wanaouteremka kwa nyutro ili kuokoa dizeli, mpaka breki zinashindwa. Tarehe 30 Juni 2023, pale Londiani, lori liliwavamia watu waliokuwa kando ya barabara wakifanya biashara na kusubiri magari. Zaidi ya 50 walikufa. Kwa hiyo ipite ajali kwanza, uegeshe mbele yake, nje kabisa ya lami. Wateremshe abiria wako, wakae mbali upande wa juu. Pembetatu iwekwe hatua 50 au zaidi nyuma ya ajali, na kama kuna kona, iwekwe kabla ya kona. Mtu asisimame katikati ya magari mawili, hata kwa dakika moja.

Likiwa ni lori la mafuta, msaada wako ni kuwarudisha watu nyuma. Sachangwan, tarehe 31 Januari 2009, zaidi ya watu 100 waliteketea baada ya kulizunguka lori lililoanguka. Wengi walikuwa wamekuja na mitungi kuchota mafuta. Ukiona vijana wanakimbilia huko, wazuie, hata wakikutukana.

Kuhusu lifti: kumbeba mtu bure hakuna shida. Kumtoza nauli katika gari la kibinafsi ni jambo jingine, kwa kuwa bima ya gari hilo kwa kawaida haigharamii abiria wa kulipa. Kama mnachangiana mafuta kila siku kwenda kazini, muulize wakala wako wa bima kabla ya safari.

Simu ni 999, 112, au 1199 ya Msalaba Mwekundu. Ukipiga, usiseme "hapa karibu na Salgaa". Taja steji, shule au daraja lililo karibu, na useme majeruhi wako upande wa gari zinazopanda au zinazoteremka, maana barabara ina ukuta katikati na ambulensi ikija upande usio sahihi italazimika kwenda mbali kugeuza.