Je, wajua? Billboard ilianza na wabandika matangazo, muziki ulikuja baadaye

Msanii wa Bongo akitoa ngoma kali vijiwe vya Sinza mpaka Temeke vinachafuka, huyu anakwambia iko namba moja trendini, yule anabisha, iingie kwanza Billboard ndo tuongee. Haya, hao Billboard, jarida la Marekani linalopanga chati za muziki, nani aliwapa kazi ya kupanga nani wa kwanza?

Hakuna. Walianza na biashara nyingine kabisa. Mwaka 1894 kule Cincinnati, Marekani, William Donaldson na James Hennegan walitoa jarida la watu wa kubandika mabango, yaani lingekuwa Dar wasomaji wangekuwa wale vijana wa ndoo ya gundi wanaojaza matangazo ya shoo ukutani usiku, na mabosi wao.

Sasa wateja wa mabango walikuwa nani? Sarakasi, maonyesho, vikundi vya maigizo vinavyozunguka mji kwa mji, jarida likaanza kuandika habari zao. Na hapa ndo napapenda: watu wa sarakasi leo wako huku kesho kule, anwani hawana, basi ndugu zao wakawa wanatuma barua ofisini Billboard, jarida linachapa majina ya wenye barua, ukiliona lako unaagiza utumiwe ulipo. Hapo utaachaje kulinunua?

Muziki uliingia na hela. Miaka ya 1930 baa za Marekani zilijaa zile mashine unatumbukiza sarafu inapiga santuri, na mwenye mashine lazima ajue aweke santuri gani, isiyopendwa inamlia nafasi bure. Julai 1940 jarida likatoka na chati ya santuri zinazouza zaidi, akaanza juu Tommy Dorsey na bendi yake, anayeimba ni Frank Sinatra bado kijana. Hot 100, chati ya nyimbo 100 zinazovuma zaidi, ikaja Agosti 1958.

Uhesabuji wenyewe lakini, mmh. Miaka na miaka walikuwa wanawauliza wenye maduka, wiki hii nini kimetoka? Muuzaji anataja anachokumbuka, au alichobembelezwa na mtu wa lebo. Mwaka 1991 wakahamia mfumo wa SoundScan, data inatoka moja kwa moja kwenye mashine za kaunta, na ghafla rap na country zikapanda, kundi la rap la N.W.A likashika namba moja ya albamu mwezi wa sita mwaka huohuo. Mashabiki walikuwepo, chati ndo ilikuwa haiwaoni.

Turudi kwenye ubishi wetu. Hot 100 inahesabu Marekani tu, kwa hiyo hata Mbagala nzima istrimu usiku kucha haiongezi kitu. Mwaka 2020 wakaanzisha Global 200, hiyo ndo inachukua data za nchi na maeneo zaidi ya 200, kwa hiyo mtu akikutajia Billboard muulize kwanza chati ipi.