Watoto wa guppy mu akwariumu ndogo: hapa Goma uanzie ku maji

Kila wiki kuko mutu ananiandikia kitu ileile: guppy yangu (ile samaki ndogo ya kupamba nyumba) imezaa, asubuhi nilihesabu watoto 30 na kitu, jioni wamebaki 8, mama yao amewakula. Ndiyo, anawakula, siyo uongo, guppy hajui mutoto wake ni nani, kila kitu kidogo chenye kinatembea mbele ya mdomo yake ni chakula. Lakini niulize mimi mwenye kufuga hizi samaki hapa Kyeshero: hata wale unaokoa unawatia mu bokali peke yao, wanakufa siku ya tatu, siku ya ine, tumbo limejaa, hakuna mukubwa wa kuwakula. Hao ni maji njo imewaua.

Na maji yetu iko na tabia yake. Ziwa Kivu juu pale tunachota iko na pH karibu 9 (pH ni kipimo cha asidi: 7 ni katikati, juu ya 7 ni maji bila asidi), ni maji yenye bikarboneti na manyeziamu mingi, ukichemsha ndani ya sufuria unaona mwenyewe ile kitu nyeupe inabaki. Guppy kwa asili anapenda maji magumu, yenye madini mingi kama haya (kwao ni Venezuela na Trinidad huko, mu mito na mifereji), kwa hiyo wakubwa wanaishi muzuri tu na hauhitaji kuongeza chumvi kama wale wa video wanavyosema. Shida iko pengine. Samaki ikitoa uchafu wake, chakula ikioza, inatoka amonia, na amonia iko na sura mbili mu maji: moja haina neno sana, ingine ni sumu inaingia ku mashavu ya samaki na kuyachoma. Ni pH njo inachagua ni ngapi inakuwa sumu. Maji ya digrii 25 yenye pH 7, haifiki hata sehemu 1 juu ya 100. pH 8, kama 5. pH 9, kama 36! Sasa unaelewa, yule wa YouTube mwenye maji ya pH ya chini anamwaga chakula kupita kiasi na watoto wake wanaishi, wewe unafanya vilevile na maji ya Kivu asubuhi unaokota maiti. Siyo mkosi, na siyo jirani amekuloga.

Njo maana mimi siwatiaka watoto mu bokali ya litri 3. Litri 3 ni kidogo sana, uchafu wa siku moja tu inatosha. Lakini pia usikimbilie litri 100, ju mutoto wa guppy anazaliwa na milimita 6 au 7 hivi, ukimuacha mu maji mingi hatakutana na chakula, atatembea tu mpaka atachoka. Litri 20 ni sawa kwa watoto 20 mpaka 30 wiki za kwanza. Enda kwa wale wanakata vioo vya madirisha, waambie wakukatie ya 40 kwa 25, kimo 20, kioo cha milimita 4 inatosha. Silikoni uchukue ile ya kawaida yenye kunuka siki, siyo ile ya duchi yenye dawa ya kuzuia ukungu, ile dawa inaua samaki. Uache ikauke wiki moja mpaka harufu iishe kabisa, kisha ujaze maji, ulaze usiku moja, umwage. Kama hauna pesa ya kioo, beseni ya plastiki inafanya kazi, ile tu hautaona watoto kwa pembeni, unawaona vichwa tu.

Chini usitie kitu. Sijui kwa nini watu wanapenda kutia changarawe ya rangi, chakula inaingia kati yake inaoza na hautaifikia. Chini iwe wazi, uone uchafu, uvute.

Filtri: eponji tu na pompi ya hewa. Ile mashine yenye kuvuta nguvu itameza watoto wote usiku moja, eponji haina shida, tena watoto wanapitaka pale juu wakidona tududu twenye kukaa mu eponji. Na sisi hapa tuko na bahati yenye wengine wananunua kwa dola: mawe ya volkano. Ile nyepesi yenye matundu matundu, yenye tunajengea vibaraza na ambayo kuko mitaa mizima imejaa tangu Nyiragongo imeshuka mu mji tarehe 17/1/2002. Bakteria wenye kukula amonia wanapenda kukaa mu vile vitundu. Chukua vipande viwili vitatu, sugua na burashi, chemsha, loweka wiki moja ukibadilisha maji, kisha viweke karibu na eponji. Vunja ncha zenye kukata.

Ile bakteria lakini haikuje siku moja. Akwariumu mupya kabisa inahitaji wiki 4 mpaka 6 ndipo bakteria wajae, na mama guppy anabeba mimba siku 21 mpaka 30 tu, kwa hiyo ukingoja umuone tumbo imekuwa nyeusi nyuma ndipo uanze kujenga, umechelewa. Njia fupi: chukua eponji yenye imekwisha kukaa mu akwariumu ya wakubwa, uhamishe yote kama ilivyo, na nusu ya maji itoke kule kule. Usisafishe eponji na maji ya robine (bomba). Unaikamua mu ndoo ya maji ya akwariumu, basi.

Sasa chlore, ile dawa ya kusafisha maji yenye kuua samaki. Hapa nilipoteza watoto kama 40, mama alikuwa muzuri, mukia ya bluu, nilitaka kulia. Bido (jerikani ya litri 20) ilitoka ku ziwa na chukudu (ile baiskeli ya mbao ya mizigo) kama siku zote, nikatia maji moja kwa moja ju siku zote maji ya ziwa ni maji ya ziwa. Sikukumbuka ilikuwa kipindi cha kolera, na kipindi kile ku pwani kuko watu wanatia chlore mu kila bido mbele uondoke. Wanafanya kazi nzuri, wanaokoa watu, ni mimi sikunusa bido yangu. Kwa hiyo leo maji yote, ya robine au ya ziwa, yanakaa kwanza mu beseni wazi siku mbili, nje kwenye jua, na hewa ikipita kama kuran (umeme) iko. Ya mvua mimi sitegemei, moshi ya Nyiragongo inafanya mvua kuwa na asidi na floridi, na hapo bado hatujaongea mabati ya paa.

Baridi pia. Usiku wa Goma ni baridi, siyo siri, na watoto wanataka digrii 25 hivi. Kama uko na kuran ya kweli, rezistansi (ile ya kupasha maji) ya wati 25 yenye kujizima yenyewe inatosha litri 20. Kama kuran inakuja ikijisikia, fanya kama mimi: frigoliti (povu gumu jeupe) pande tatu na chini, blanketi usiku, na chupa ya plastiki yenye maji ya moto imefungwa muzuri ielee ndani. Maji ya moto yenyewe usimwage ndani, tafazali. Pompi nunua ile ya USB, unaichomeka ku pawabanki inafanya kazi usiku muzima. Wakikaa digrii 21 hawatakufa lakini watakomaa pole pole sana, mwezi wa pili bado unaona kama wana wiki tatu.

Chakula sasa, hapa njo napendaka kuongea. Sambaza, tule tusamaki twa Kivu. Ile kavu, isiyo na chumvi, ikauke tena ku jua mpaka ivunjike na vidole, twanga mu kinu, kisha pitisha mu kitambaa chepesi, unga wenye unapita njo wa watoto. Protini tupu. (Sambaza pia ni mugeni, ililetwa kutoka Tanganyika mwisho wa miaka ya 1950 ikajaa ziwa yote, njo maana guppy zenye hautaki usizimwage ku ziwa wala mu mufereji, hatujui zitafanya nini mule.) Kiini cha yai la kuchemsha, ile ya njano, wanaipenda lakini inachafua maji haraka sana, mimi ninaitoa mara moja kwa wiki, kiasi cha kichwa cha pini. Artemia (tududu tudogo twa maji ya chumvi) ukiipata ni nzuri kupita yote. Wape mara 4 kwa siku, kidogo, yenye wanamaliza mu dakika mbili. Tumbo la mutoto ni dogo kama nukta, hawezi kukula ya siku nzima mara moja, ile ingine inaenda chini na wewe sasa unajua pH 9 itaifanya nini.

Kuvuta uchafu, enda farmasi ununue tuyo ya serumu. Ncha moja funga gaze ili usivute watoto, ile kidude ya kupunguza matone unaitumia kufunga maji. Kila jioni unavuta chini, unatoa litri 4, unarudisha litri 4 zenye zimepumzika na zenye joto moja, pole pole. Bido moja inakufikisha siku tano. Ukiona watoto wanapumulia juu na mapezi yamefungwa, usingoje jioni, badilisha robo saa hiyohiyo na uache kuwapa chakula mpaka kesho.

Majani laini ya majini tia, wanajificha na kudona. Yakitoka ku ziwa yaoshe sana na uyaweke peke yake wiki mbili, kuko tududu tunakuja nayo twenye kukula watoto.

Kuanzia wiki ya tatu au ya ine angalia chini ya tumbo: dume, lile pezi linaanza kuwa refu na ncha kama sindano, jike linabaki pembe tatu na linaonyesha doa jeusi. Hapo utenganishe, usiseme bado ni watoto, ju madume hawangojaka, na jike akipandwa mara moja anaweza kutunza mbegu mu tumbo miezi na kuzaa tena na tena bila dume. Mimi natumia beseni mbili za plastiki, madume huku majike huku, na ile akwariumu ya litri 20 inarudi kungoja mama mwingine, eponji ikibaki inatembea ndani hata kama hakuna samaki, natiaka unga kidogo wa sambaza ili bakteria wasikufe njaa.