Je, wajua kwa nini Mmalei wa Singapore huweza kuzuiwa kumuuzia Mchina fleti yake mwenyewe?

Nchini Singapore, mwenye fleti anaweza kumpata mnunuzi, wakapatana bei, kisha mauziano yakakwama kwa sababu moja tu: asili ya mnunuzi. Kinachoyakwamisha ni sera ya serikali iliyoanza kutumika tarehe 1 Machi 1989, inayoweka kikomo cha idadi ya watu wa kila asili katika kila jengo na kila mtaa wa nyumba za umma. Na nyumba za umma kule si makazi ya wachache. Takriban wakazi wanane kati ya kila kumi wanaishi katika fleti za Bodi ya Nyumba na Maendeleo, HDB, iliyoundwa mwaka 1960, na wengi wao wamezinunua kwa hati ya miaka 99.

Wengi wanaosikia habari hii kwa mara ya kwanza huielewa kama viti maalumu: fungu la Wachina, fungu la Wamalei, fungu la Wahindi, kila jamii na nafasi zake zilizotengwa. Sivyo kabisa, na hesabu yenyewe inaonyesha. Katika ngazi ya mtaa, Wachina hawaruhusiwi kuzidi 84%, Wamalei 22%, Wahindi pamoja na jamii nyingine 12%. Jumlisha: unapata 118%. Katika ngazi ya jengo vikomo ni 87%, 25% na 15%, na jumla yake ni 127%. Mafungu ya kitu kimoja hayawezi kuzidi kitu chenyewe. Hizi ni dari, si mafungu. Jengo lisilo na Mmalei hata mmoja halijavunja kanuni yoyote, na Mmalei hana nafasi anayoweza kuidai kwa jina la jamii yake. Sera haimhakikishii mtu kuingia. Inazuia tu jamii moja isijae kupita kiasi.

Dari zenyewe hazikuinuliwa sawasawa. Katika sensa ya 2020, Wachina walikuwa 74.3% ya wakazi, kwa hiyo dari yao ya mtaa ipo karibu pointi kumi juu yao. Wamalei walikuwa 13.5%, nao wana nafasi ya kutosha chini ya 22%. Lakini Wahindi na jamii nyingine kwa pamoja walikuwa 12.2%, na dari yao ni 12%. Inawagusa kichwani. Tena hapo ni baada ya kuinuliwa mwaka 2010 kutoka 10%. Ni kweli kwamba asilimia za taifa zima si asilimia za wakazi wa HDB, maana wapo wanaoishi katika nyumba binafsi ambazo sera hii haizigusi. Hata hivyo, tofauti hiyo inastahili kuangaliwa.

Kosa la pili ndilo kubwa zaidi. Watu hudhani kwamba dari ya Wachina ikifikiwa, wanaoumia ni Wachina. Mnunuzi wa Kichina anakosa fleti aliyoitaka, ndiyo, lakini anaweza kwenda jengo jingine. Anayebanwa hasa ni muuzaji asiye Mchina.

Chukua jengo la fleti 100. Wachina wana 87, nyingine 13 ni za Wamalei na Wahindi. Mchina akitaka kuuza, anaweza kumuuzia Mchina mwenzake: mmoja ametoka, mmoja ameingia, hesabu inabaki 87. Anaweza pia kumuuzia Mmalei au Mhindi, hesabu ikashuka hadi 86. Sasa jirani yake Mmalei naye anataka kuhama. Akimuuzia Mchina, Wachina watakuwa 88, na HDB haitaidhinisha. Amebaki na wanunuzi wasio Wachina, yaani takriban robo ya wakazi wa nchi. Ni kama wachuuzi wawili wenye bidhaa ileile, meza zao zimegusana, lakini wateja watatu kati ya kila wanne wameruhusiwa kusimama mbele ya meza moja tu.

Kanuni haikuandikwa dhidi ya jamii ndogo. Wamalei wakifikisha 25% ya jengo, Mchina naye hawezi kumuuzia Mmalei. Tofauti ni kwamba Mchina huyo amepoteza wateja wachache akabaki na walio wengi, ilhali Mmalei amepoteza walio wengi akabaki na wachache. Karatasini sheria ni ileile kwa wote; uzito wake unaamuliwa na idadi ya watu.

Chanzo cha sera kinajulikana. Ghasia za 1964 kati ya Wachina na Wamalei ziliacha hofu ya kudumu. Kufikia miaka ya 1980, soko la fleti zilizokwishatumika lilikuwa linawarudisha watu kwenye makundi: Wamalei katika maeneo ya Bedok na Tampines, Wachina katika eneo la Hougang. S. Dhanabalan, Waziri wa Maendeleo ya Taifa wakati huo, ndiye aliyeitangaza sera. Baada ya miaka mingi, mwaka 2015, Tharman Shanmugaratnam, Naibu Waziri Mkuu wakati huo, aliitaja kuwa sera inayoingilia zaidi maisha ya watu kuliko zote za nchi yake, na kwamba ndiyo iliyokuja kuwa ya maana zaidi.

Wapinzani hawajaridhika. Chama cha Workers' Party kiliingia uchaguzi wa 2020 kikipendekeza iondolewe, na Julai 2021 mjadala ukawaka bungeni. Waziri Desmond Lee alikiri kwamba baadhi ya wauzaji wa jamii ndogo hulazimika kushusha bei au kusubiri muda mrefu, lakini akashikilia kuwa bila dari hizo mitaa ya jamii moja ingerudi.

Je, ingerudi kweli? Kuthibitisha ni vigumu, kwa sababu sera ilianza kote kisiwani kwa siku moja, na hakuna mtaa wa HDB ulioachwa nje ili ulinganishwe nao. Tunaweza kusema kwa uhakika kwamba watu wamechanganyika kwenye ngazi na kwenye lifti. Kwamba wamekuwa marafiki ni dai jingine, na asilimia za jengo haziwezi kulijibu.

Ninachoona kimekaa vibaya ni mahali gharama inapotua. Ikiwa utangamano ni faida ya taifa zima, hakuna sababu ya hasara yake kubebwa na familia moja ya Kimalei au ya Kihindi iliyotaka tu kuhama. Mwaka 2022 serikali ilitangaza kwamba HDB yenyewe itanunua fleti za baadhi ya waliokwama, kama njia ya mwisho na kwa masharti. Hatua hiyo inaihamishia hazina ya umma sehemu ya gharama bila kugusa dari hata moja, na ingefaa ianze kumfikia muuzaji kabla hajamaliza njia nyingine zote, kwa sababu huko njiani ndiko bei yake inakoshuka.