0.492: namba moja, wapigaji wawili

Kazi yangu ni takwimu za michezo, na katika besiboli ya kale swali linaloniandama ni hili: nani alipiga vizuri kuliko wote katika msimu mmoja? Ukifungua kumbukumbu za karne ya 19 utaikuta 0.492, yaani wastani wa upigaji, imeandikwa kwa watu wawili: Levi Meyerle wa Philadelphia Athletics mwaka 1871, na Tip O'Neill wa St. Louis Browns mwaka 1887. Leo hakuna kati yao anayetajwa kuwa mshika rekodi.

Hesabu yenyewe ni nyepesi. Chukua mapigo yaliyomfikisha mpigaji kwenye besi (kimoja cha vituo vya uwanjani anavyokimbilia akishapiga), gawanya kwa zamu zake za kupiga. Meyerle alipata mapigo 64 katika zamu 130. Gawanya mwenyewe, utaona hakuna aliyedanganya. Tatizo ni kwamba alicheza mechi 26 tu. Anayefuatilia soka anamjua mshambuliaji anayefunga mabao sita katika mechi nne za mwanzo wa ligi. Hakuna anayemkabidhi kiatu cha dhahabu mwezi huo huo. Isitoshe, enzi hizo mrushaji alilazimika kurusha kutokea chini ya kiuno, mpigaji akiruhusiwa kuomba mpira wa juu au wa chini, na walinzi wakidaka kwa mikono mitupu. Ligi yake, National Association, ndiyo iliyotangulia ligi zote za kulipwa, lakini tangu 1969 haihesabiwi rasmi kuwa ligi kuu.

Ya O'Neill ni hadithi nyingine. Mwaka 1887, mrushaji alipokosea shabaha mara tano na mpigaji akapewa besi ya bure, besi hiyo iliandikwa kama pigo! Na mpigaji alitolewa kwa straiki (mpira mzuri alioukosa au kuuacha) ya nne badala ya ya tatu. Msimu uliofuata zote mbili zikafutwa. Ukiziondoa besi za bure, O'Neill anabaki na mapigo 225 katika zamu 517, yaani 0.435. Kwangu huo ni msimu mkubwa usiohitaji msaada wa karani, na inaniuma kuona bado anatajwa kwa ile namba iliyovimbishwa.

Kwa miaka mingi kilele kilikuwa cha Hugh Duffy wa Boston, 1894: mapigo 237 katika zamu 539, wastani 0.440. Lakini mwaka mmoja kabla, mrushaji alikuwa amesogezwa nyuma hadi mita 18.44, na wapigaji wakapata muda wa kuusoma mpira. National League, ligi ya Duffy, nzima, wazuri kwa wabovu, ilipiga 0.309 mwaka huo wa 1894. Timu ya Philadelphia ya ligi hiyo peke yake ilikuwa na wanne waliovuka 0.400: Thompson, Delahanty, Hamilton na Turner. Mwaka 2024, takwimu za ligi za Wamarekani weusi zilipoingizwa kwenye kumbukumbu rasmi, Josh Gibson akampita Duffy kwa 0.466 ya mwaka 1943. Haki hiyo ilichelewa mno. Gibson alifariki 1947.

Mimi hupima mpigaji kwa kumlinganisha na wenzake wa msimu ule ule. Duffy aliipita ligi yake kwa asilimia 42 hivi. Ross Barnes wa Chicago, aliyepiga 0.429 mwaka 1876, aliipita yake kwa zaidi ya asilimia 60. Wanaombeza husema alibebwa na kanuni: mpira uliogusa ardhi ndani ya mstari kisha ukaserereka nje ulihesabiwa halali, naye alikuwa fundi wa pigo hilo. Kanuni ikabadilishwa 1877, Barnes akashuka hadi 0.272. Wanachosahau ni kwamba mwaka huo aliugua, akacheza mechi 22 tu. Na mwaka 1876 aliongoza ligi pia kwa mapigo ya besi tatu, 14. Mpira wa kuserereka pembeni haukufikishi besi ya tatu mara 14.