Kupandisha na kushusha mbele ya Porsche 911 ya zamani

Wenye magari ya michezo ya zamani huniambia hivi: "Fundi, nishushie mbele kidogo, ikae chini." Namshushia. Akitoka hapa Dodoma kuelekea Singida, kabla hajafika Bahi matuta yameshamlamba tumbo la gari, anarudi kuomba nipandishe. Kwa barabara zetu mimi namshauri mtu mapema aache mbele juu kidogo.

Porsche 911 za miaka ya 1963 hadi 1989 hazina springi za koili mbele. Kila upande una tosheni baa, nondo ya chuma iliyopita ndani ya mkono wa chini unaoshika gurudumu. Nyuma ya nondo kuna wenzo mfupi unaosukumwa na bolti. Ukikaza gari linapanda, ukilegeza linashuka. Fundi aliyewahi kuinua Hiace ya zamani atauelewa mtambo huu bila kufundishwa.

Kukaza bolti hakufanyi springi kuwa ngumu. Ugumu unatokana na unene na urefu wa nondo, na hivyo havibadiliki. Ukipandisha kupita kiasi gari linarukaruka kwa sababu shokapu imebakiwa na nafasi ndogo ya kunyooka, inagota.

Kazi yenyewe iko kwenye kupima. Sakafu za gereji zetu nyingi si tambarare, kwa hiyo natandika mbao chini ya matairi na kuzikagua kwa pima maji ya mwashi. Upepo wa matairi uwe sawa, na tangi lijazwe. Tangi la gari hili liko mbele, na matoleo mengi ya baadaye yanabeba lita 80, yaani karibu kilo 60 za petroli juu ya springi unazozipima.

Usipime kwenye madigadi. Gari la miaka 50 limeshagongwa na kupigwa pasta ya kuziba mabonyeo mara ngapi? Pima kutoka sakafuni hadi katikati ya gurudumu, kisha hadi katikati ya nondo, utoe cha pili kwenye cha kwanza. Kipimo cha kiwanda ni milimita 108, kikizidi au kupungua kwa 5, na kushoto na kulia visipishane zaidi ya 5. Angalia hapo: nondo iko chini ya kitovu cha gurudumu, hivyo namba ikipungua gari limepanda. Kwa Dodoma naacha kwenye 95 hivi.

Piga jeki na kuweka stendi, magurudumu yaning'inie, ndipo ugeuze bolti. Ukiigeuza ikiwa imebeba uzito wa gari unakula nyuzi zake. Safisha vumbi jekundu kwanza, tia mafuta. Geuza kidogo kidogo pande zote mbili, maana ukipandisha kulia peke yake unahamisha uzito hadi gurudumu la nyuma kushoto. Ukilishusha gari usipime hapohapo. Matairi yameng'ang'ania sakafu na gari linasimama juu kuliko kimo chake. Liendeshe mpaka barabarani, urudi, upime tena.

Kimo kikibadilika, magurudumu nayo yamebadilisha ulalo na uelekeo, kwa hiyo alaimenti ni lazima. Mteja akigoma kuilipia, mimi bolti siigusi, atakuja kunilaumu matairi yakiisha upande mmoja. Na taa zirekebishwe pia, mbele ikipanda zinawapiga machoni wanaokuja.